Hiyo X Si Uvivu

Nimelisema hili mara nyingi, na leo nalirudia kwa sababu walimu wenzangu hawachoki kuniletea malalamiko yale yale: vijana wanaharibu Kiswahili, eti wavivu wa kuandika. Haya. Tazameni meseji hii: "Xaxa mamii, upo poah? Nixhafika xtendi, nakuxubiri bhana." Hesabuni wenyewe. Kila penye s kaweka x, herufi moja kwa herufi moja. Kwenye "poah" na "bhana" kaongeza h ambayo hakuna aliyemwomba. Uvivu gani huo wa kujitafutia kazi?

Najua yupo anayetaka kunyoosha mkono: mwalimu, umesahau simu za vitufe! Sijasahau. Kupata s ulibonyeza 7 mara nne. X ipo kwenye 9, mara mbili tu. Na meseji ilikuwa na kikomo cha herufi 160, ukizidisha unakatwa hela ya pili. Kwa hiyo "m2", "w2" na "cjui", yaani mtu, watu na sijui, zilikuwa na hesabu yake, sikatai. Lakini leo kijana anagusa kioo, s na x zinapakana, bando lake halijali herufi ngapi, na x bado ipo! Basi ile ni jezi, jamani. Hakuna anayevaa jezi ya Yanga kwa ajili ya baridi.

Mtazameni huyo huyo anapomwandikia babu yake: "Shikamoo babu. Nimefika salama. Naomba hela ya madaftari." S zote zimerudi, na hasa penye hela! Mtu asiyejua kuandika anageukaje hivyo ndani ya dakika moja? Na baba mtu akijipenyeza kwenye grupu la wanawe na "xaxa" yake, watamcheka mpaka aombe kutolewa. Tena wapo vijana wanaoiona x yenyewe ni ushamba sasa, alama ya waliochelewa.

Kenya wana Sheng kwenye meseji zao. Huo ni mhadhara mzima, tuuache. Stika na sauti za WhatsApp nazo zina wenyewe, siingii huko.

Mwalimu unayesahihisha insha ukakuta "cjui", kata maksi, ndiyo kazi yako. Ila pembeni usiandike "mvivu". Andika "hapa si kwenye grupu", atakuelewa mara moja. Haya, maswali, na yawe mafupi.