Silensa Ikipanda, Usikimbilie Kontrol Boksi

Ndugu zangu mafundi, madereva, na nyie vijana mnaojifunza kazi, Mtwara kuchele!

Niliwahi kuletewa pikapu ya petroli iliyokuwa inabeba korosho kutoka Tandahimba. Silensa, yaani mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta, ilikaa 1,500 kwa dakika wakati ilitakiwa iwe 800 hivi, plagi zimejaa masizi, moshi unachoma macho. Mwenyewe alishapita gereji tatu, na moja ilimuuzia kontrol boksi nyingine, yaani kompyuta ya injini. Hali ikabaki ileile. Nilipofungua nyumba ya themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, nikakuta tupu. Mtu aliitoa ili gari lisichemshe.

Hapa naomba tukawie. Ukiondoa mguu kwenye pedeli, kibati cha throto kinaziba njia ya hewa, na injini bila hewa inazima. Enzi za kabureta tulikuwa tunazungusha skrubu, basi. Kwenye EFI, yaani injini ambayo petroli inapulizwa na nozeli kwa amri ya kompyuta, kuna kijia cha pembeni kinachopitisha hewa hata kibati kikifunga, na ndani yake kuna vali inayoendeshwa na kontrol boksi. Pikapu za Chevrolet za 1987 hadi 1995, kwa mfano, zina mota ndogo inayosogeza ncha ya vali hatua kwa hatua, na kompyuta inazihesabu hatua hizo. Injini ikiwa ya baridi, vali inafunguliwa zaidi na nozeli zinaongezewa petroli. Ikipata moto, vyote vinapunguzwa.

Sasa kompyuta inajuaje kwamba injini imepata moto? Inaambiwa na sensa ya maji. Haina njia nyingine. Ukitoa themostati, maji yanazunguka kwenye rejeta muda wote, na gari likiwa mwendoni kuelekea Newala yanabaki vuguvugu. Sensa inasema kweli: bado baridi. Kompyuta nayo inatii, inamwaga petroli. Tumemlaumu asiyehusika.

Naona fundi pale nyuma anatikisa kichwa, kwamba joto letu hili la pwani linatosha. Halitoshi, ndugu yangu. Injini inataka maji yafike nyuzi 80 na zaidi. Hewa ya Mtwara hata iwe kali vipi haifiki nusu yake.

Upande wa moshi, msimamizi ni oksijeni sensa kwenye ekzosi. Ikishapata moto wa nyuzi 300 hivi, inatoa umeme mdogo: karibu volti 0.1 petroli ikipungua, karibu 0.9 ikizidi. Kompyuta inapunguza na kuongeza bila kuchoka, ikitafuta uzito wa hewa 14.7 kwa petroli 1. Masega, kile kichujio cha kwenye ekzosi kinachosafisha moshi, yanasafisha vizuri pale tu uwiano unapokuwa hapo. Injini inayodhaniwa ni ya baridi haisikilizi sensa hii kabisa.

Na masega jamani! Mnayatoa mkisema gari haioneshi tofauti. Haioneshi kwa sababu magari mengi ya zamani hayana sensa nyuma ya masega. Marekani ililazimisha usimamizi huo kuanzia magari ya 1996. Tofauti anaipata mama anayekaanga samaki kando ya stendi. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na inaua. Mimi nayatetea masega, na sioni haya kurudia kila nikisimama mbele yenu. Petroli yenye madini ya risasi, iliyokuwa inayaharibu, iliachwa kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006, kwa hiyo kisingizio hicho hakipo tena.

Vumbi letu nalo lina sehemu yake: mpira wa hewa ukipasuka baada ya sensa ya hewa, injini inavuta hewa isiyopimwa, na silensa inapanda na kushuka. Kagua mipira kwa mkono kabla ya kugusa waya.

Halafu soma taa. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina kiboksi chini ya boneti. Unganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kupiga stata, uhesabu taa ya injini inavyopepesa. Mbili, kituo, mbili: hiyo ni 22, sensa ya maji au waya zake. Ile 21 ni oksijeni sensa.

Lakini sensa inaweza kudanganya bila kuwasha taa, kwa hiyo ipime. Ikiwa kwenye maji ya kawaida, ya Toyota itasoma omu 2,000 hivi. Kwenye maji ya nyuzi 80, omu kama 300. Birika liko jikoni hapo nje na mita ninayo. Twendeni tukapime.