Kisa cha Jinai Katika Mistari Mitatu

MHARIRI: Wasikilizaji wetu, karibuni. Leo tunazungumzia hadithi za jinai zilizo fupi kupita kiasi, zile zinazokwisha kabla chai haijapoa. Dada, wengi wetu tulianzia kwa Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, anayevuta kiko chake, akachunguza, kisha akalifumbua fumbo lote. Katika mistari mitatu, mpelelezi wa namna hiyo atakaa wapi?

MWANDISHI: Hana nafasi, kaka, na ndiyo maana kazi yake humwangukia msomaji. Mtazame mwandishi Mfaransa Félix Fénéon, ambaye mwaka 1906 aliliandikia gazeti la Le Matin la Paris habari za mistari mitatu mitatu, zikiwamo za wizi, mauaji na ajali. Zilikuwa habari za kweli, wala si za kubuni, lakini namna alivyolichelewesha jambo zito hadi mwisho wa sentensi ni somo tosha kwa mtunzi.

MHARIRI: Naye mambo ya polisi aliyajua kutoka upande wa pili. Mwaka 1894, alipokuwa karani katika Wizara ya Vita, vilikutwa viwashio vya mabomu ofisini kwake, akashtakiwa pamoja na watu waliodaiwa kuwa wanaanarki, yaani wapinzani wa serikali ya aina yoyote, na mahakama ikamwachia huru. Haya, tusomee kisa chako.

MWANDISHI: “Alhamisi, mke aliripoti kituoni kwamba mumewe hajarudi tangu Jumatatu, akaacha picha yake akiwa amevaa kanzu yenye darizi ya kijani. Ijumaa msikitini, askari alisimama safu moja na fundi baiskeli aliyevaa kanzu ile ile. Fundi alisema alipewa sadaka, Jumanne.”

MHARIRI: Rasimu uliyonitumia ilikuwa na sentensi ya nne: “Kumbe mke alikwisha kujua kwamba mumewe amekufa.” Niliifuta bila huruma, kwa sababu msomaji anayejua kwamba nguo za marehemu hutolewa sadaka amekwisha kufika hapo mwenyewe, na ukimfafanulia unampokonya raha yake.

MWANDISHI: Nilikubali, ingawa niliogopa kwamba asiyeijua desturi hiyo atapotea. Ndiyo maana siku zote zimetajwa waziwazi: hata asiyejua habari za sadaka atajiuliza kwa nini mke aligawa kanzu Jumanne, ilhali Alhamisi bado anaomba mumewe atafutwe. Dalili ikifichwa kabisa, huo ni ulaghai, na msomaji wa hadithi za upelelezi hasamehi ulaghai.

MHARIRI: Kinachonisumbua ni sababu ya mauaji, maana haipo kabisa. Je, tungeandika “mke mkubwa” badala ya “mke”? Neno moja tu, na wivu umeingia.

MWANDISHI: Umeingia, lakini kwa mlango wa nyuma. Msomaji angemhukumu kwa sababu ya uke wenza kabla hajaiona kanzu, na ushahidi wote ungekuwa wa bure. Isitoshe, hatujaambiwa kwamba ameua. Tunachojua ni kwamba alijua na akanyamaza. Huenda anamlinda mtu.

MHARIRI: Mwanawe, labda.

MWANDISHI: Labda. Ila huyo mwana hatumwandiki.