Msalaba wa Shaba Usio na Kwao

Wamama, wababa, ndugu walimu, asanteni kwa kufika. Mmeniomba niseme kidogo juu ya chumba cha kumbukumbu tunachotaka kufungua hapa Kamalondo, mtaa wetu wa Lubumbashi. Nitaanzia kwenye kaburi.

Ile misalaba ya shaba ambayo watoto hudhani ni ya kanisa, mnaijua. Wakubwa wetu walichimba mawe ya kijani, wakayayeyusha kwa makaa na mivukuto, wakaimimina shaba katika kalibu. Mwaka 1960, Katanga ilipojitenga na Kongo, misalaba 3 ikawekwa kwenye bendera yake. Hayo kila mtu anayasema.

Sasa twende Sanga, kando ya ziwa Kisale. Wanaakiolojia walifukua makaburi huko mwaka 1957 na 1958, na mwenzao Mbelgiji, Pierre de Maret, akaendelea miaka ya 1970. Kabla ya kuinua kitu, walichora pale kilipolala. Katika makaburi fulani walikuta msalaba mmoja mkubwa kifuani mwa marehemu. Katika yale ya baadaye misalaba ni midogo, ni mingi, inakaribiana kwa ukubwa, nayo iko karibu na mikono au kiunoni, kama feza za mtu anayekwenda soko. Hapo ndipo wasomi waliposema: kitu cha heshima kiligeuka feza. Kama angetangulia mwenye gunia, akaikusanya yote na kuiuza, tungebaki na kilo za shaba tu.

Na lukasa ya Waluba je? Ni ubao wa kushika mkononi, umepambwa kwa shanga. Watu wa chama cha Mbudye, watunza historia ya ufalme, waliupitishia kidole wakisimulia wafalme, safari na mipaka. Ulaya zimewekwa nyuma ya vioo, zinapendeza sana. Kidole ndicho hakipo.

Kwa hiyo mkituletea chungu cha nkambo, yaani babu au bibi, au sahani ambayo baba alipokelea posho ya Union Minière, ile kampuni ya migodi, nitawachosha kwa maswali. Nani alikitumia? Kilikaa wapi nyumbani? Kwa nini kimetobolewa hapa? Kisicho na majibu kitangoja, hata kikiwa kizuri namna gani. Najua wengine mtakasirika.

Daftari liko mlangoni. Mzee asiyeweza kutembea tutamfuata kwake na simu ya kurekodi, na kama kuna bukari, ugali wetu, hatutakataa.