Bakteria Anayesubiri Giza la Mwezi

(Mhadhara kwa walimu wa baiolojia na wazazi, Mwanza)

Mwangaluka! Naona hata wasio Wasukuma wameitikia, safi.

Nianze na dagaa. Mnaokaa Kirumba na Igombe mnajua kwamba mwezi ukiwa mpevu mitumbwi inalala ufukweni. Nani atamaliza betri kuwasha taa wakati mbalamwezi imetanda ziwa zima? Giza likirudi, ziwa linawaka kama mji wa pili. Mvuvi ni yule yule, na taa zilikuwa ndani ya mtumbwi siku zote. Leo naongelea bakteria mwenye tabia hiyo hiyo, na anakaa kooni.

Jina lake la kitaalamu ni Streptococcus pyogenes. Sisi tumwite streptokoki. Ukimtazama kwa hadubini anaonekana kama shanga zilizotungwa. Huyu huyu ndiye anayeleta mafindofindo kwa watoto. Huyu huyu analeta vidonda vya ngozi vyenye magamba ya rangi ya asali. Mtoto akiugua koo, kisha kinga yake ikachanganyikiwa na kuanza kuupiga mwili wenyewe, huja homa ya baridi yabisi, ile inayoharibu valvu za moyo. Na mara chache sana anazama chini ya ngozi na kuua nyama kwa muda wa saa chache tu. Bakteria mmoja, sura zote hizo. Inakuwaje?

Mwanamama wa Marekani, Rebecca Lancefield, alitumia maisha yake kuwapanga streptokoki kwa makundi, na ndiye aliyetuonyesha protini iitwayo M iliyo juu ya ngozi ya bakteria huyu. Leo tunajua aina zaidi ya 200 za protini hiyo. Hilo ni jibu, lakini nusu. Maana unaweza kuchukua bakteria wawili wa aina moja, mmoja wa kooni na mwingine wa kwenye damu, ukakuta wanatofautiana kwa herufi chache tu za DNA.

Mwaka 2001 ilichapishwa DNA yote ya streptokoki wa aina ya M1: herufi kama milioni 1.85, jeni zisizofika 2,000. Ni kidogo. Kwa hiyo ukali wake hautokani na wingi wa silaha. Unatokana na kujua lini azitoe.

Kwenye utando wake ana protini iitwayo CovS. Hiyo ndiyo inayochungulia nje. Ndani kuna mwenzake, CovR, anayeshika breki. Mambo yakiwa shwari na magnesi ipo ya kutosha, CovS humbandika CovR alama ya fosfeti, naye hukaa juu ya DNA na kuzima jeni nyingi za ukali. Sasa mwili ukishtuka, chembe nyeupe za damu humwaga kijiprotini kiitwacho LL-37. Kazi yake ni kutoboa bakteria. Lakini kikiwa kidogo, CovS anakinusa, anaacha kubandika alama, breki inaachia. Ndugu zangu, silaha yetu wenyewe ndiyo inayompa habari kwamba giza limeingia! Mimi nilipolisoma hili mara ya kwanza nilikasirika kabisa, kana kwamba nimeibiwa.

Breki ikiachia, kwanza anajivika koti la ute. Wanafunzi wangu wanalijua: kwenye sahani ya agari yenye damu, ile jeli ya kuoteshea bakteria, wale wa kawaida ni vitone vidogo vikavu, lakini wenye koti nene wanang'aa na kuvutika kama mlenda. Na ute wenyewe ni asidi ya hayaluroniki, ile ile iliyo kwenye maungio ya magoti yako. Askari wa mwili wakipita wanadhani ni ndugu.

Pili, wavu. Chembe nyeupe fulani hutupa nje DNA yao ikawa wavu wa kunasia bakteria. Msishangae, nasi tuna wavuvi ndani. Baadhi ya streptokoki wana mkasi wa kukata wavu huo, unaitwa Sda1, na jeni yake waliletewa na kirusi anayeshambulia bakteria. Kuna kimeng'enya chao kingine, SpeB, ambacho huharibu protini nyingi, mkasi huo ukiwemo. Ikitokea jeni ya CovS imeharibika, koti linaongezeka, SpeB inakoma, mkasi unabaki mkali.

Mama pale nyuma ameuliza kuhusu kukata kimeo. Mama, kimeo hakina kosa, na kidonda cha wembe ni mlango mpya kwa bakteria. Mtoto mwenye kikohozi na mafua mara nyingi ana virusi. Koo linalouma ghafla, homa, matezi ya shingo yamevimba, kikohozi hakuna: huyo apimwe. Penisilini bado inamweza streptokoki, tangu ilipoanza kutumika mpaka leo. Na mtoto aliyekwisha kupata homa ya baridi yabisi huchomwa sindano ya benzathini penisilini kila wiki tatu au nne, kwa miaka. Zisirukwe.

Mzee wangu hapa mbele anasema: kama wakali wapo, mbona hawajatumaliza? Swali zuri kuliko mhadhara wangu. Yule aliyepoteza breki ni hodari kwenye damu, lakini kooni hashiki vizuri, koti lake linateleza. Asiposhika kooni, hatoki kwa chafya wala mate kwenda kwa mtoto mwingine. Mgonjwa akifa, naye ameishia hapo, akipona, vilevile. Anayesafiri kutoka dawati hadi dawati ni yule mwenye swichi nzima, anayejua kuzima taa.