Jinsi ya Kuchagua Injini Ndogo ya Kupachika kwa Mashua Yako

Karibu, mtazamaji. Mbele yangu pana mashua ndogo ya mita tatu, ya aina ile inayobeba watu wawili au watatu na mizigo yao, na kando yake pana injini tatu za kupachika ambazo ukizitazama kwa mbali utadhani ni za tumbo moja. Kabla sijaigusa hata moja, naomba tuikague mashua kwanza, kwa sababu mashua ndiyo inayochagua injini, na mnunuzi anayeanza kwa kuuliza nguvu za farasi ngapi ameanzia swali la nne.

Hatua ya kwanza ni kutafuta kibao cha mtengenezaji, ambacho kwa kawaida hubandikwa kwenye tezi, yaani sehemu ya nyuma ya mashua, au karibu na usukani. Hapa, kama unavyoona, kimeandikwa idadi ya watu, uzito wote unaoruhusiwa, na nguvu ya juu kabisa ya injini. Namba hiyo ya mwisho ni mpaka usiovukwa. Haimaanishi kwamba mashua itafanya kazi vizuri pale tu utakapoifikia. Mimi mara nyingi hushauri injini iliyo chini ya hapo, na sababu utaiona punde.

Sasa chukua futikamba. Hatua hii ya pili ndiyo inayopuuzwa kuliko zote, nami nitaitumia muda mrefu kidogo. Weka ncha ya futikamba juu ya ubao wa tezi, katikati, pale ambapo vibanio vya injini vitakaa, kisha ishushe wima hadi usawa wa chini ya mashua. Ukipata takribani sentimita 38, mashua yako inahitaji injini ya shafti fupi, yaani yenye mguu mfupi wa kushuka hadi kwenye propela. Ukipata takribani sentimita 51, inahitaji shafti ndefu. Mashua nyingi za mpira na vidau vya kawaida huangukia kwenye shafti fupi, lakini usikisie, pima. Usishangae pia ukiipima injini yenyewe na kukuta urefu mwingine kabisa, kwa maana kinachotajwa sokoni ni kimo cha tezi ambacho injini hiyo imetengenezewa.

Tazama bamba hili pana lililolala juu ya propela. Injini ikishapachikwa, bamba linatakiwa liwe sawa na chini ya mashua au sentimita mbili tatu chini yake. Shafti ikiwa fupi mno, propela huvuta hewa kutoka juu ya maji, na kila wimbi linapoinua tezi utasikia injini ikinguruma kwa kasi huku mashua haisogei. Shafti ikiwa ndefu mno, chuma kingi huburutwa ndani ya maji bila faida, maji hurukia ndani ya mashua, na propela ndiyo itakayotangulia kugusa mwamba mnapokaribia ufuo. Wapo wanaojaribu kusahihisha kosa hili la shafti ndefu mno kwa kuongeza kipande cha ubao juu ya tezi. Hufaa kwa sentimita chache, kikifungwa kwa uimara, lakini hakitageuza shafti ndefu kuwa fupi.

Hatua ya tatu ni uzito, na hapa ninakuomba uwe mkweli kwa mgongo wako. Injini ya mipigo minne yenye nguvu za farasi 2.5 ina uzito wa takribani kilo 17 au pungufu yake, na mtu mzima mwenye afya huibeba kwa mkono mmoja. Zile za nguvu kati ya 4 na 6 hufikia kilo 25 hivi. Ukipanda hadi nguvu 8 au 10 umefika kilo 40 na ushei, na hapo si suala la kunyanyua tu, bali la kunyanyua ukiwa umesimama katika kitu kinachoyumba, huku mwenzako akikupokea kutoka gatini. Ninapoishika hii kubwa hapa kwenye nchi kavu, naweza. Ndani ya mashua nisingethubutu peke yangu. Kumbuka pia kwamba nahodha naye hukaa nyuma, na tangi la mafuta mara nyingi huwekwa nyuma, hivyo tezi huzama na omo, yaani mbele ya mashua, huinuka. Tangi lisiloshikana na injini lisogezwe mbele kadiri mpira wake wa kupitisha mafuta unavyofika.

Ndipo tunafika kwenye nguvu. Mashua inayopasua maji bila kuinuka juu yake ina kikomo cha mwendo kinachotokana na urefu wake: chukua urefu wa sehemu inayogusa maji kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.5, nawe utapata kilomita kwa saa. Mashua hii inagusa maji kwa mita 2.7, hivyo kikomo chake ni karibu kilomita 7.4 kwa saa, mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Injini ya nguvu 2.5 hufika hapo katika maji matulivu. Ukiweka ya nguvu 5 hutaongeza mwendo kwa kiasi cha kukufurahisha, ila utakuwa na akiba pale upepo wa mbele au mkondo wa maji unapokukabili, na akiba hiyo ina thamani kubwa kwa anayevuka mlango wa bahari kuliko kwa anayezunguka ziwani. Mwendo mkubwa huja pale tu ambapo mashua yenye tumbo bapa, au ya mpira yenye sakafu ngumu, inapopanda na kuteleza juu ya maji. Kwa watu wawili katika mashua ya mita tatu, hilo kwa kawaida huhitaji nguvu 8 hadi 10, iwapo kibao kinaruhusu. Kama safari yako ni kutoka nanga hadi ufuo na kurudi, sioni sababu ya kubeba kilo 40 kwa ajili yake.

Kuhusu aina ya nishati, injini za zamani za mipigo miwili, zinazochanganyiwa oili ndani ya petroli, ni nyepesi na rahisi kutengeneza, lakini hutoa moshi mwingi, na katika nchi nyingi haziuzwi tena zikiwa mpya. Za mipigo minne ni tulivu zaidi na hazina haja ya kuchanganya, ila zina upande wake maalumu wa kulazwa. Zikilazwa kinyume, oili huingia kwenye silinda. Za umeme ni kimya na nyepesi, na betri ya kilowati-saa moja huendesha mota ya kilowati moja kwa saa moja tu ikifunguliwa kabisa. Hata hivyo, nguvu inayohitajika hushuka haraka mno unapopunguza mwendo: kwa nusu ya mwendo, mota hutumia takribani sehemu moja ya nane ya nguvu, na ile saa moja hugeuka kuwa saa kadhaa.

Angalia pia gia. Injini nyingi ndogo kabisa hazina gia ya kurudi nyuma. Unaizungusha injini yote kuelekea ulikotoka. Jizoeze hilo mahali penye nafasi.

Hatua ya mwisho ni kwa anayenunua injini iliyotumika. Fungua skrubu ya chini ya sanduku la gia na utazame oili inayotoka: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yamepenya kwenye sili, yaani kizibo cha kuzuia maji. Kisha iwashe ikiwa ndani ya pipa la maji, wala si hewani, kwani pampu ya maji huungua ikizunguka kavu. Ikiwa injini inapozwa kwa maji, tafuta mchirizi mwembamba unaoruka nyuma yake. Usipouona ndani ya muda mfupi, zima. Funga kamba ya usalama kwenye mkono wako, ivute ghafla, na uone kama injini inazimika papo hapo. Hii ya kwetu imezimika. Rudia mara mbili zaidi kabla ya kutoa pesa.