Ukihama, Anwani Yako Haihami Nawe

Ndugu zangu, ahsanteni kwa kufika. Naomba nianze na bahasha moja.

Miezi minne baada ya kuhama, nilipita kwenye nyumba niliyokuwa nimepanga. Nikabisha hodi. Mama aliyehamia baada yangu akafungua, akasema, "Karibu mwanangu, barua zako hizi hapa," akanipa furushi lililofungwa kwa mpira. Katikati yake palikuwa na bahasha nyembamba, na ukiipapasa unahisi kitu kigumu upande mmoja. Ilikuwa kadi yangu mpya ya benki, na ilikuwa imekaa wiki sita kwenye droo ya mtu nisiyemjua. Na benki nilikuwa nimekwenda! Nilijaza fomu, nikatia saini, nikaondoka nikiamini nimemaliza. Kumbe nilichobadilisha ni anwani ya makazi. Ile ya kupokelea barua iliandikwa kwenye kisanduku kingine, na hakuna aliyeigusa.

Yule mama alikuwa mwaminifu, na namshukuru hadi leo. Lakini usalama wa fedha zangu haukupaswa kutegemea uaminifu wake.

Tunasema "nimebadilisha anwani" kana kwamba anwani ni kitu kimoja. Sivyo. Kila taasisi ina nakala yake, na nakala hizo hazijuani. Benki haiiambii bima, bima haiiambii hospitali. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, na kwenye rejista za watu ndivyo ilivyo: usipofika kujisemea, unabaki pale pale ulipokuwa.

Zipo nchi zilizompunguzia mwananchi mzigo huu. Denmark ina rejista ya wakazi, yaani daftari la serikali la nani anaishi wapi, iitwayo CPR, tangu mwaka 1968. Mtu akihama anatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 5, na ofisi za umma husoma anwani yake humo. Finland, taarifa moja ya kuhama hufika posta na kwenye rejista ya wakazi kwa mkupuo. Ufaransa, tovuti ya serikali ina fomu moja inayopeleka anwani mpya kwa taasisi kadhaa, ikiwemo mamlaka ya kodi. Ni mifano mizuri, na ningependa ienee. Lakini hata huko zinabaki taasisi ambazo lazima uziendee mwenyewe.

Sasa, uanzie wapi? Wengi huanzia popote, wakakwama kwenye mzunguko. Ofisi inataka uthibitisho wa makazi. Uthibitisho inaoukubali ni bili ya umeme au taarifa ya benki. Unakwenda benki, nayo inataka uthibitisho wa makazi. Mzunguko huo unakatika kwa karatasi moja: mkataba wa pango, au hati ya nyumba kama ni yako. Nenda nao kwanza kwenye rejista ya wakazi kama nchi yako inayo, na kwa watoa huduma ya umeme na maji. Ukipata barua au bili yenye jina lako na anwani mpya, nenda benki. Wengine wote watafuata kwa urahisi, kwa sababu sasa una kitu cha kuwaonyesha.

Kabla hujafika huko, iombe posta ikupelekee barua zako kwenye anwani mpya. Marekani, ukihama kwa kudumu, barua za daraja la kwanza, yaani barua za kawaida, hufuatishwa kwa miezi 12. Uingereza, posta yao, Royal Mail, hutoza ada kwa huduma hiyo, na unachagua miezi 3, 6 au 12. Watu wengi wakishajiandikisha hulala usingizi. Nawasihi msilale. Ichukulieni huduma hii kama tochi: kila bahasha inayofika ikiwa imebandikwa anwani mpya juu ya ile ya zamani inakutajia taasisi ambayo bado haijasikia habari zako. Usiitupe bahasha hiyo mpaka umemjulisha aliyeituma. Tena kumbuka, baadhi ya barua zimeandikwa kwamba zirudishwe kwa mtumaji mpokeaji akiwa amehama. Kadi za benki mara nyingi ziko kundi hilo, kwa hiyo tochi haimuliki kila kona.

Anwani yenyewe iandike kwa namna moja kila mahali. Ukiandika "Nyumba 4, Ghorofa 2" huku, na "2/4" kule, binadamu ataelewa, lakini kompyuta inaweza kuziona kuwa ni sehemu mbili. Baadhi ya mifumo ya malipo ya kadi mtandaoni hulinganisha tarakimu za anwani uliyojaza na zile zilizo benki. Zisipolingana, malipo yanaweza kukataliwa ukabaki unajiuliza fedha zimekwenda wapi.

Kuhusu kuwajulisha wote kwa pamoja: andaa maelezo mamoja, ukibadilisha namba ya mteja tu kwa kila taasisi. Usitume barua pepe moja kwa wote ikiwa na namba ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa. Na usikasirike ukiulizwa maswali mengi. Wezi hubadilisha anwani za watu ili kadi na barua zao ziwafikie wao. Ndiyo maana posta ya Marekani hutuma barua ya uthibitisho kwenye anwani ya zamani pia. Kila ukimaliza na taasisi, andika tarehe na namba ya kumbukumbu, kisha uliza swali moja ambalo mimi sikuuliza: "Je, kuna anwani yangu nyingine kwenye mfumo wenu?"

Bima naitaja peke yake. Kwa bima ya nyumba au gari, mahali unapoishi ni sehemu ya hesabu ya hatari. Ukinyamaza, siku ya kudai fidia unaweza kuambiwa kwamba mkataba ulihusu mahali pengine.

Wenye mbwa au paka mwenye chipu, kile kidude cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi, nanyi msisahau. Ndani ya chipu hamna anwani, mna namba tu, kwa kawaida ya tarakimu 15. Anwani na simu yako viko kwenye rejista ya chipu, na mnyama akipotea, huko ndiko watakakotazama.

Mwisho, orodha yenu ya taasisi za kujulisha msiifunge mapema. Zipo taasisi zinazoandika mara moja tu kwa mwaka. Mwezi wa kumi na moja baada ya kuhama, bahasha ilinifikia ikiwa na kibandiko cha posta. Ilitoka mfuko wa pensheni wa kazi niliyoiacha miaka mingi nyuma, na sikuwa nimewakumbuka hata kidogo. Huduma ya posta ilikuwa imebakiza wiki tatu.