Nani Anapika? Mwandishi Mgonjwa na Nyumba ya Wasanii

Walimu wangu, na ninyi vijana wa uandishi, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie nyumba za wasanii, zile unazoalikwa ukakae wiki kadhaa ufanye kazi yako bila kulipa pango. Nitamchukua mwandishi mmoja tu: Carson McCullers, Mmarekani wa Georgia.

Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1940, naye ana miaka 23, ikampa jina papo hapo. Mwanzoni mwa 1941 akapatwa na kiharusi. Macho yakaingia giza kwa muda. Mzizi wa kiharusi hicho ulikuwa homa ya baridi yabisi ya ujanani, ambayo haikutambuliwa, ikauharibu moyo. Kiangazi cha mwaka huohuo akaenda Yaddo, mojawapo ya nyumba hizo za wasanii.

Yaddo iko Saratoga Springs, jimbo la New York. Spencer na Katrina Trask, matajiri waliozika watoto wao wote wanne, waliamua mwaka 1900 kwamba mali yao iwe ya wasanii. Wageni wa kwanza waliingia 1926. Kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi jioni ni kimya. Humgongei mtu mlango. Chakula cha mchana unakichukua asubuhi, kimeshafungwa, unaondoka nacho. Jioni ndipo watu hukutana mezani.

McCullers alifika na riwaya mkononi. Akaiweka kando, akaandika hadithi nyingine ndefu, ambayo jarida lilikuja kuichapa mwaka 1943.

Watu husema kilichomsaidia ni mandhari, ile misonobari ya Yaddo. Mimi nasema ni kile chakula kilichofungwa. Aliyetoka kuugua, nguvu zake ni kama unga wa mwisho wa mwezi: ukisonga ugali mchana, usiku hakuna uji. Na kwetu ukiugua unatembelewa. Hodi ya asubuhi, hodi ya alasiri, na kila aliyekuja kukujulia hali hawezi kuondoka bila chai. Kama mgonjwa ni mwanamke, mara nyingi ndiye anayeinuka kuichemsha, huku akiambiwa, "Pole mama, pumzika." Mnacheka, lakini mnazijua nyumba hizo.

Hata hivyo sikubali tuige kila kitu. Mgonjwa wa moyo kufungiwa chumbani kwa muda wa saa saba bila mtu wa kumchungulia, hilo linanitisha. Wazee wetu hawakukosea waliposema mgonjwa haachwi peke yake. Wala Yaddo haikumponya: miezi michache baadaye aliugua nimonia, na mwaka 1947 viharusi vingine vilimpooza upande wa kushoto. Aliendelea kuandika, akafariki 1967, akiwa na miaka 50.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaotafuta kiwanja cha nyumba ya waandishi huku pwani, mandhari ya bahari nimeyaona kwenye michoro yenu, ni mazuri. Sijaona jiko. Sijaona mshahara wa mpishi. Na sijaona hospitali iko umbali gani.